Wifi Yangu na Kifua cha Mama

Katika kanisa letu hapa Likasi, mwanamke akiimba kwa sauti ya kichwa watu humtazama kwa jicho la pembeni. Sauti ya kweli, wanavyosema, hutoka kifuani. Kama hujui kifuani ni wapi, weka kiganja chini ya koo lako useme jina lako kwa nguvu. Mtetemo utakaousikia pale ndio wenyewe. Sauti ya kichwa ni ile nyingine, nyembamba, unayoitumia kumwita mtoto aliye mbali, ambayo kifua hakina habari nayo. Kwetu ya kwanza ni ibada, ya pili ni mapambo. Nimeimba katika kwaya ile tangu nikiwa msichana, na jambo hili lilikuwa likinikera miaka mingi, hata kabla halijaingia nyumbani kwetu.

Chanzo chake ni maestro, yaani kiongozi wetu wa kwaya. Ni dereva wa lori la madini, mtu mwema kabisa, ila moyo wake ni mkubwa kuliko sikio lake. Kila anachojua kuhusu kuimba amekiokota barabarani.

"Mu kilima hapana kubadirisha vitesse," hutuambia kila Jumamosi. "Ukiingia na ya pili, panda na ya pili mupaka kule yulu. Ukibadirisha pa katikati, camion inarudi nyuma, inaua bantu."

Na sisi wenye kuishi katika mji wa vilima tumeyaona malori yakirudi nyuma na kuua watu, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumbishia. Gia yake ni kifua. Wimbo ukianza chini unauanza na kifua, ukipanda unapanda nacho hichohicho, hata mishipa ya shingo ikitokeza yote. Kuuteremsha wimbo ili upandike vizuri hatuwezi, maana mpiga kinanda wetu anajua kupiga kwa ufunguo wa do peke yake. Ukimwomba kitu kingine anakutazama, anatabasamu, anakupa do.

Mama yetu ndiye aliyekuwa ushahidi wa maestro. Alikuwa mama wa kuuza unga sokoni, mfupi, mnene, mwepesi wa kucheka, na ndiye aliyeshika maikrofoni ya mbele miaka yote ninayoikumbuka. Sauti yake ilitoka kifuani nzima nzima na kupanda hadi do ya juu, mpaka watu waliopita njia na mambo yao wakasimama. Mwaka juzi presha ilimchukua. Tangu hapo mahali pake palibaki wazi. Akina mama kadhaa walipajaribu, maestro akawarudisha nyuma mmoja mmoja, kwa upole, lakini akawarudisha.

Mdogo wangu wa kiume ndiye kitinda mimba wa Mama, na nadhani hakuwahi kuachishwa ziwa sawasawa. Anachimba Kamatanda. Huko ni mwanamume wa kutosha, anashuka shimoni asikoona mbele, lakini akifika nyumbani mambo yake yote yalikuwa Mama kasema hivi, Mama alipika vile. Alipotuambia anaoa, hakusema msichana ni mzuri wala ni mchapakazi. Alisema tu, "Huyu anajua kuimba."

Wifi yangu alitoka Kapolowe. Alikulia karibu na misheni, akaimba kwaya ya Wakatoliki tangu utotoni, akifundishwa na sista mmoja mzee. Tunaishi kiwanja kimoja: wao vyumba viwili vya nyuma, mimi na cherehani yangu chumba cha mbele. Alikuwa na miaka ishirini na kidogo, mtaratibu, mwenye kuuliza kabla ya kugusa sufuria ambayo ni yake. Nilimpenda siku ileile, na mimi si mtu wa kupenda haraka.

Kwetu, bibi harusi akihamia kanisa letu husimama mbele ya watu na kuimba wimbo mmoja ili ajulikane. Zamu yake ilipofika alianza chini kwa sauti ndogo, karibu pumzi tupu, nikamwona maestro anainamisha kichwa. Kisha wimbo ukapanda. Pale katikati, ambapo sisi wote huanza kukunja uso, yeye alipita tu. Sauti ilihama kutoka kifuani kwenda kichwani taratibu, kama mtu anavyohama chumba akiwa amebeba mtoto aliyelala. Juu kule ilikuwa safi, haina jasho.

"Anaimba sawa bazungu," mama mmoja nyuma yangu akasema.

Nikageuka. "Na weye, unaimba sawa nani?"

Ibada ilipoisha hakunipa mkono.

Maestro alitoa hukumu yake mlangoni, mbele ya mdogo wangu. "Sauti iko," alisema. "Mais kifua hakuna."

Mdogo wangu angeweza kucheka na kwenda zake. Badala yake alitangaza, tena kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba kabla mwaka haujaisha bibi yake, yaani mkewe, atakamata micro ya Mama. Basi akamtia mwanamke wa watu katika shughuli ambayo hakuiomba. Maana micro ile haipatikani hivihivi. Kuna jaribio. Anayeitaka husimama madhabahuni bila kipaza sauti, milango ya kanisa ikiwa wazi, naye maestro huvuka barabara na kusimama ng'ambo, malori ya madini yakipita katikati yao. Akisikia maneno, micro ni yako. Asiposikia, unarudi nyuma kwa sauti ya pili, na hapo ndipo utakapozeekea.

Mazoezi yakaanza uani. Kila alfajiri, kabla ya kwenda Kamatanda, mdogo wangu alifungua simu yake na kumpigia bibi yake sauti ya Mama, iliyorekodiwa kanisani siku moja ya sikukuu. Kisha anamwambia, "Sawa bile. Na kifua." Mwanamke anajaribu. Nilikuwa nikiwasikia kutoka kwenye cherehani, na mguu wangu ulikuwa unasimama wenyewe juu ya kikanyagio. Sauti iliyopita kona ile ya katikati ya wimbo kwa ulaini sasa ilikuwa inagonga ukuta na kurudi, inagonga na kurudi. Majirani walisifu. Walisema sasa angalau anaimba.

Wiki zilivyokwenda sauti yake ya kuongea ikaanza kukwaruza. Akinisalimia asubuhi, kwa kuniita dada mkubwa, "Yaya, umelala muzuri?", ilikuwa kama kuna mwanamume anasalimia nyuma yake. Nikamfuata mdogo wangu bombani.

"Bibi yako ataharibika sauti," nilimwambia.

"Ni kuzoea tu, yaya. Mama naye alizoeaka."

"Mama alikuwa Mama. Huyu ni mutoto ya bantu."

Alinawa mikono polepole, kama mtu asiyesikia, akaondoka. Nikabaki na hasira zangu pale bombani.

Siku hiyo wifi yangu alikuja kukaa chumbani kwangu, akaniuliza kama nataka kujua kwa nini anashindwa. Alifungua kwenye simu yangu piano ile ya kuchezea ya watoto, akaweka mkono wangu juu ya kifua chake, chini ya koo, na mkono wake juu ya kifua changu.

"Imba do ya katikati, yaya. Sasa shuka pole pole. Kifua yako ikinyamaza, utaniambia."

Nilishuka, nikashuka, nikapita mahali ambapo yeye alikuwa ameishiwa zamani. Kwake la ya chini ilikuwa hewa tu. Kwangu bado kiti kilikuwa kinatetemeka. Nikafurahi. Nilidhani, kwa kuwa sauti yangu ndiyo nzito kuliko zote kanisani, basi na kupanda nitampita mbali. Nilijidanganya. Tulipopanda, mimi nilifika konani mapema, kwenye re, hatua moja tu juu ya do ya katikati. Pale kifua kilianza kulegea chini ya mkono wake, na nilipoendelea ilikuwa kwa kusukuma. Yeye aliipita re, akaipita mi, akafika fa, akakaribia sol, ndipo sauti yake ikaomba kuhama.

"Kumbe wewe kifua kinapanda kuliko changu," nilimwambia.

"Inapanda kidogo, mais haina mingi," alisema. "Yako inakaa kule chini, na iko nene. Sister alituambiaka bile: bakati unapima mwanamuke, usiangalie kama kifua iko ama haiko. Angalia inaanzia wapi na inaishia wapi."

Nikamuuliza habari za wale wa katikati, walio kati ya sauti yangu na yake. Akasema hao ndio wenye bahati katika kanisa letu. Kona yao iko pale mi, lakini kifua chao kina nguvu, wakikisukuma kinasukumika hadi la, hata si, bila kuchubuka upesi. Maestro anadhani ni bidii. Ni maumbile, kama kimo. Mama, akasema, lazima alikuwa wa katikati.

Tukamngoja mdogo wangu arudi na simu yake, maana sasa tulitaka kumsikia Mama kwa sikio jipya. Alipoingia, jioni, vumbi likiwa bado kwenye kope, alifurahi tulipomwomba rekodi. Tuliisikiliza mara nyingi, wifi yangu akifuata noti kwa kidole hewani. Sol, kifua. La, kifua, na nguvu tele. Si, bado. Kisha do ile ya juu, fahari ya kanisa zima.

"Sikiliza hapa," wifi yangu akasema kwa sauti yake iliyokwaruza. "Mama anabadirisha."

Tukarudia. Nami nikaisikia. Pale juu kabisa Mama alikuwa anageuka, anaachia kifua na kuingia kichwani, haraka na kwa ujanja mwingi, na kwa sababu alikuwa mnene na mwenye kutabasamu hakuna mtu aliyewahi kumdhania. Nilitaka kucheka kwa furaha. Miaka yote maestro alikuwa akitufundisha kilima kwa mfano wa dereva aliyebadilisha gia.

Mdogo wangu hakucheka. Alizima simu. "Mama alikuwa anaimba na kifua," alisema. "Bote banajua. Haukumujua Mama weye."

Hilo la mwisho alimwambia bibi yake, na halikuwa la kusemwa. Wifi yangu aliinamisha macho, akasema samahani. Kuanzia kesho yake alijisukuma mara mbili ya mwanzo, kana kwamba kusikia vizuri kulikuwa kosa linalohitaji faini. Wiki ile haikuisha. Asubuhi moja alifungua mdomo anisalimie, hakikutoka kitu. Hata mkwaruzo haukuwepo. Alijishika koo, akanitazama, na machozi yakamtoka kimyakimya, maana hata kulia kwa sauti hakuweza.

Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Daktari alimwingiza kioo kidogo kooni, akasema nyuzi za sauti zimevimba vibaya. Asiseme, asiimbe, asinong'one hata, mpaka amwambie. Nikamuuliza kama sauti itarudi. Alisema mara nyingi hurudi, ila hakuahidi, na akaongeza kwamba akirudia kuisukuma vile, safari ijayo asimlaumu mtu.

Basi nyumba yetu ikanyamaza. Wifi yangu alipiga makofi akitaka kuniita, aligonga sufuria chakula kikiiva. Mdogo wangu alikuwa ananunua asali na tangawizi, anamwekea mlangoni, kisha anakosa la kufanya. Sasa alikuwa anaipiga rekodi ya Mama kwenye simu asubuhi na jioni, peke yake, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilimwonea hasira, na siku nyingine nilimwonea huruma. Aliishi na mwanamke aliyenyamaza na mwingine asiyenyamaza ambaye hayupo.

Daktari alipomruhusu aseme, alianza kidogo kidogo, kama anayejaribu kukanyagia mguu uliovunjika. Sauti ilirudi. Hata ile ya juu, safi, ilirudi. Nikashukuru Mungu, nikamwambia mambo ya micro sasa yaishe.

Akakataa. Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo lile lilikuwa limeacha zamani kuwa la mume wake peke yake.

"Yaya, kama siimbe mbele, nitabakia mugeni mu hii nyumba mupaka kufa," alisema. "Atakuwa ananiangalia, anatafuta Mama, hamuone. Kila siku. Minye nataka anisikie mara moja. Akikataa, basi akatae minye."

"Utaimba na sauti gani?"

"Niko na moja tu."

Nilimwambia kwamba kanisa zima likimkataa, aje aimbie cherehani yangu, ambayo imevumilia sauti yangu miaka yote na haijawahi kulalamika. Alicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo.

Maestro alikubali kumpima Jumamosi, baada ya mazoezi. Mdogo wangu alirudi mapema, amevaa shati jeupe alilovaa siku ya harusi yake. Nilijua anachokitarajia. Alitarajia kwamba ule ukimya wote ulikuwa unapika kitu, na kwamba mdomo ule ukifunguka safari hii Mama atatoka.

Tulivuka barabara sisi watatu, maestro, mdogo wangu na mimi. Wanakwaya wengine walibaki uani, upande wa kanisa. Milango ilikuwa wazi, na kule ndani, mbali, tulimwona amesimama peke yake madhabahuni na kitambaa chake cha bluu. Aliuchagua wimbo wa Mama. Kinanda kikampa do.

Mwanzo hatukusikia chochote. Malori mawili yaliyojaa yalikuwa yanakuja kwa kuvuta, na ile sehemu ya chini ya wimbo, ambayo hata ndani ya kanisa kwake ni pumzi, ilimezwa yote na injini. Maestro akatikisa kichwa. Nikashika mkono wa mdogo wangu bila kujua. Nilisema moyoni, Mungu wangu, hata mara moja tu hatamsikia.

Kisha wimbo ukafika konani, na akageuka. Sikumwona akigeuka, niliisikia tu sauti ikitokea juu ya malori. Ngurumo ile ilikuwa nzito, inatambaa chini, na yeye alikuwa mahali ambapo ngurumo haifiki. Maneno yalikuja moja moja, hadi herufi za mwisho. Nimesimama ng'ambo ile mara nyingi wengine wakipimwa, hata Mama nimewahi kumsikiliza kutoka pale, na nasema ukweli: Mama lori likipita tulikuwa tunampoteza, tunangoja lipite, tunampata tena. Huyu hatukumpoteza.

Maestro alisimama mdomo wazi, lori la pili likampulizia vumbi. "Anabadirisha," alisema, kama mtu anayeripoti wizi. Akasikiliza tena. Alisikiliza mpaka do ya juu ikaja, ikakaa, ikaisha. "Mais nasikia," akasema. "Nasikia byote." Alivua kofia akajifuta kichwa, kisha akaniambia, si kwa furaha sana, kwamba kesho yake wifi yangu asimame mbele.

Niligeuka nimpongeze mdogo wangu, nikakuta hayupo kando yangu. Alikuwa amechutama kwenye ukingo wa mtaro, shati jeupe na vumbi lake, mikono juu ya kichwa. Nikadhani amekasirika. Nikawa tayari kumpa maneno ambayo nilikuwa nimeyaweka tangu siku ya bombani.

"Haiko Mama," alisema.

Maneno yangu yote yakaniishia. "Haiko," nilimjibu.

"Niliwaza akiimba, nitamusikia."

"Najua."

Siku ya mazishi yeye ndiye aliyepokea wageni, aliyetafuta viti, aliyeshughulika na gari. Sikumwona akilia, na watu walimsifu kwa hilo. Sasa alilia pale mtaroni, mwanamume mzima, malori yakipita, na maestro akasogea mbali kidogo akajifanya anaangalia barabara. Nilichutama karibu naye. Nami nililia, sitaficha, kwa ajili ya Mama, na kwa ajili yake, na kwa ajili ya msichana wa Kapolowe tuliyemtaka awe kaburi lenye kuimba.

Alipotulia aliniuliza, kama mtoto anayeuliza jambo lililokwisha kuelezwa mara nyingi, "Donc, yaya, Mama alikufaka?"

"Alikufaka, mudogo wangu."

Ng'ambo ya barabara, kupitia milango iliyo wazi, bibi yake alikuwa bado amesimama palepale madhabahuni. Alikuwa amemaliza kuimba, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekwenda kumwambia kama amesikika.

"Ule kule ni nani?" nilimuuliza mdogo wangu.

Aliinua uso, akamtazama muda mrefu.

"Bibi yangu," alisema. Akajifuta uso kwa shati, akangoja lori lipite, akavuka.